Nimeitema Waini ya Baba Mkwe

Wakuu, leo nimeaibika. Nimeaibika ukweni, mchana kweupe, nikiwa nimevaa suti na nimechomekea.

Naandika nikiwa nimejifungia chumbani kwangu. Suti sijavua. Shati langu jeupe lina doa la rangi ya matope hapa kifuani. Mjomba wangu yuko kibarazani, amekataa kuingia ndani. Anasema akiniona usoni atanizaba kibao. Kwa hiyo kabla habari hazijawafikia kutoka Lumemo zikiwa zimetiwa chumvi (na mjue hazihitaji chumvi), acheni niwasimulie mwenyewe.

Mnajua kwamba nafanya kazi kwenye kambi ya watalii kule chini ya milima ya Udzungwa. Mimi ni mhudumu wa mezani. Nabeba sahani, nafuta meza, nawaambia wageni supu ya leo ni ya nini. Basi mwaka jana akaja mama mmoja kutoka Arusha kutufundisha mambo ya waini. Alitufundisha kushika glasi, kuizungusha, kuinusa, kuvuta kidogo mdomoni kwa sauti, kisha kuitema kwenye chombo. Alisema wale wataalamu wanaoonja chupa nyingi kwa siku hawamezi, maana wakimeza zote watalala hapohapo. Mimi hilo la kutema nililipenda kuliko yote. Niliona ndiyo usomi wenyewe.

Tangu siku hiyo nikawa sikaliki. Picha zangu mliziona. Glasi mkononi, jicho moja nimelifumba, na chini nimeandika: "Naisikiliza." (Naisikiliza nini? Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza. Na nyie mna makosa.) Kwenye harusi ya Beni nilinusa soda ya machungwa mbele ya kamati nzima, nikatingisha kichwa, nikasema inafaa.

Tatizo ni kwamba Skola, mchumba wangu, aliniamini. Akaenda akamwambia baba yake: "Baba, Deo ni mtaalamu wa waini." Na baba yake ana chupa.

Hiyo chupa lazima niwaeleze. Mzee Tobias, baba yake Skola, aliendesha trekta kwenye mashamba ya miwa upande wa Kidatu mpaka mgongo ukagoma, akarudi hapa Ifakara kulima mpunga. Enzi hizo bosi wake mmoja, mgeni, alipokuwa anarudi kwao aligawa vitu vyake. Mmoja akapata feni, mwingine kitanda. Mzee Tobias akapewa chupa ya waini nyekundu, akaambiwa: hii kadiri unavyoitunza ndivyo inavyozidi kuwa nzuri. Skola wakati huo ndiyo kwanza anaanza shule. Mzee akaapa kwamba chupa ile itafunguliwa siku binti yake atakapopata mume.

Sasa eleweni uzito wa jambo lenyewe. Mambo ya mahari wazee walishamaliza kitambo. Kilichobaki ni neno la mzee tu, ili majina yetu yapelekwe parokiani yakatangazwe. Na kila mara mjomba wangu, ambaye ndiye mshenga, alipokwenda kuliulizia hilo neno, alijibiwa vilevile: "Nitajibu siku nitakayofungua chupa." Mvua zikaja, zikaisha, mpunga ukavunwa, mzee yuko na chupa yake. Mpaka juzi ndipo akatuma ujumbe: njooni Jumamosi, chupa inafunguliwa, na aifungue huyo mtaalamu.

Nikaazima kizibuo kazini. Nikaazima na suti, ya kijana wa mapokezi, ambaye ni mwembamba kuliko mimi lakini nilijiambia nitabana pumzi. Mjomba akaja na basi la asubuhi kutoka Kiberege. Tukiwa njiani kwenda Lumemo akaanza kunipa somo.

"Mpwa wangu, ukweni hakuna maneno mengi. Ukipewa, pokea. Ukipokea, shukuru. Ukiulizwa, nitajibu mimi."

Nikamwambia: "Mjomba, wewe leo pumzika. Leo ni siku ya taaluma yangu."

(Nikiikumbuka sentensi hiyo natamani nichimbe shimo hapa chumbani nijifukie.)

Tukapokelewa vizuri sana. Shikamoo zikatoka, marahaba zikarudi. Mzee Tobias kwenye kiti chake cha mikono, kanyoa ndevu. Mama Skola kavaa kitenge kipya. Kwenye mkeka karibu na mlango alikaa Bibi, mama yake mzee Tobias, miguu kainyoosha, rozari mkononi. Bibi macho yameanza kumkimbia, ila masikio yake, wakuu, yanasikia mpaka mawazo. Skola akapita na sinia bila kunitazama, ndiyo adabu inavyotaka, akaenda kusimama kwenye mlango wa jikoni.

Chakula kilikuwa kinaiva. Mzee akasema kinywaji kitangulie. Akaingia chumbani, akatoka na chupa imefunikwa kitambaa cha kufuma, kaipakata mikononi utadhani ni kichanga kinatoka kubatizwa. Akaiweka mezani. Akaifunua. Haikuwa na karatasi ya jina hata kipande.

"Karatasi walikula panya," akasema mzee. "Lakini kinywaji chenyewe kiko salama. Chupa hii nimeilea, jamani. Watoto wameichezea karibu, wamefukuzwa. Mwizi ameingia humu, amebeba redio, chupa hakuiona. Na mimi ni mkulima wa mpunga, najua kutunza kitu. Kitu ukikifungia ndani kinapata unyevu, kinaota ukungu, kinaoza. Kwa hiyo kila mavuno, nikianika mpunga wangu, na chupa naianika. Naiweka katikati ya turubai, naigeuzageuza, jua linaipiga asubuhi mpaka jioni. Haijawahi kulala na unyevu hata msimu mmoja!"

Mjomba akapiga makofi.

Wakuu, jua la Ifakara mnalijua. Jua hilo linakunja ndala zikiachwa nje. Na jambo la kwanza kabisa alilotufundisha yule mama wa Arusha ni kwamba waini hulazwa gizani, penye ubaridi, na kwamba adui zake ni joto na mwanga. Chupa iliyokuwa mbele yangu ilikuwa imechomwa na jua mavuno baada ya mavuno, tena kwa upendo.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Ningetafuta lugha ya adabu, ningemnong'oneza mjomba, lolote. Lakini mzee uso ulikuwa unameremeta, na mimi ndiye niliyekwenda kuomba mke. Nikasema: "Hongera sana mzee. Umeitunza." Kisha nikameza mate. (Mate nilimeza vizuri tu, bila hata semina.)

Ndipo mzee akasema jambo ambalo limenimaliza.

Kwa ninyi mlioko mbali na mmesahau ya nyumbani: huku kwetu kileo kikiletwa, mwenye nyumba ndiye anayeanza kunywa, wageni wakimwangalia, ili wajue kiko salama. Tunaita kutoa sumu. Mgeni hatoi sumu. Anayetoa ni mwenye nyumba mwenyewe, au mtoto wake. Mzee Tobias akaegemea kiti, akatutazama mmoja mmoja, akasema:

"Leo sumu sitoi mimi. Atatoa Deo."

Mama Skola akapiga kigelegele! Mjomba akanibana goti, nikamwona macho yamemlengalenga machozi. Lile ndilo lilikuwa jibu lenyewe, jamani. Mzee alikuwa ameniita mtoto wa nyumba yake bila kutaja neno mtoto. Kule mlangoni Skola alisahau adabu zote, akanitazama waziwazi, akacheka kwa furaha. Mpaka dakika ile mimi nilikuwa nimeshapata mke. Kilichobaki ni kunywa tu.

Kunywa. Kitu ambacho ninyi wote mnakiweza.

Nikasimama. Nikavua koti, maana kwapani nyuzi zilikuwa zimeanza kulia. Nikachomoa kizibuo, nikakionyesha kwa watu kushoto na kulia. (Sijui kwa nini. Hakuna aliyekuwa anakikagua.) Nikakizungusha kwenye kizibo, nikavuta. Kikatoka kipande. Nikazungusha tena, nikavuta. Yakatoka makombo. Jua lilikuwa limekikausha kizibo chote, kinamomonyoka kuliko mkate wa juzi.

"Vipi?" akauliza mzee.

"Inajiheshimu, mzee. Waini ya zamani haifunguki kirahisi."

Nikaibana chupa katikati ya mapaja, nikavuta kwa nguvu zote, jasho linanitiririka, suruali ya kuazima inasali. Wapi! Mwisho Mama Skola akaniletea mwiko, nikakisukumiza kizibo ndani kwa mpini. Kikazama, chubwi! Waini ikaruka ikanipiga kifuani.

Nikaangalia shati. Doa halikuwa jekundu. Lilikuwa na rangi ya mto Lumemo wakati wa masika.

Kwa kuwa makombo yalijaa, ikabidi tuchuje. Skola akaleta chujio la chai na jagi. Mle kwenye chujio yakabaki makombo pamoja na uchafu mweusi mzito. Bibi akauliza kuna nini kinachocheleweshwa, Mama Skola akamweleza kwamba ina machicha.

"Ina machicha?" akasema Bibi, akapendezwa. "Basi ni pombe ya kweli hiyo."

Nikaomba glasi yenye mguu. Hakuna. Nikapewa glasi ya kabatini yenye maua, stika ya dukani bado iko chini. Nikaomba na bakuli tupu. Mama Skola akaleta bakuli, akaleta na birika la maji na sabuni, akidhani nataka kunawa.

"Tupu tu, mama," nikamwambia. "Ni la kitaalamu."

"Haya, baba," akajibu kwa upole, akarudisha birika. Bakuli lenyewe lilikuwa lile jeupe zuri, la kupakulia samaki wa wageni.

Nikamimina. Nikaizungusha. Nikaipeleka puani.

Wakuu, pua ilijifunga yenyewe. Ile ilikuwa siki. Siki kali, tena yenye harufu fulani ya betri ya pikipiki ndani yake. Nikafumbua macho, nikaona watu wote wamenikodolea. Mzee kainama mbele, mikono magotini.

"Inasemaje?" akaniuliza.

"Inaongea, mzee."

(Haikuwa inaongea. Ilikuwa inapiga yowe.)

Sikilizeni. Ningeweza kumeza. Tone tu, nusu kijiko. Sisi wote tumekunywa dawa za kila aina utotoni na tuko hai. Nilijiambia kabisa moyoni: Deo, meza, ushukuru, ukae chini, uoe. Lakini nilikuwa nimeshaanza maonyesho, na maonyesho nayo yana mwendo wake. Nikavuta kwa ile sauti ya semina, suuuuu, ikasambaa ulimi mzima, meno yakashtuka, jicho moja likajifunga. Mwili ukafanya ulichofundishwa.

Fyuuuu!

Kwenye bakuli. Tena kwa ustadi mkubwa, tone halikudondoka pembeni. Nikatoa leso nikajipangusa mdomo.

Kisha nikainua uso.

Mama Skola alikuwa ameshaweka ulimi tayari kwa kigelegele, akaurudisha taratibu. Mjomba alikuwa ananitazama kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa na ndugu wa damu. Nje kuku alikuwa anaparua, tukawa tunamsikia vizuri.

Akaanza Bibi.

"Amefanya nini huyo?"

Bibi akatikisa rozari.

"Nauliza, kijana amefanya nini? Nimesikia fyuu."

"Ametema, mama," akasema Mama Skola kwa sauti ndogo.

"Ametema nini?"

"Divai."

"Divai ya mwanangu?"

Nikaona nijitetee. (Mjomba alishasema nikiulizwa atajibu yeye. Nikasahau.) Nikasema: "Bibi, wataalamu wakubwa huwa hawamezi. Wanatema. Ndiyo utaratibu wake."

Bibi akageuza uso upande wangu. "Mimi nimekwenda misa tangu nabebwa mgongoni," akasema. "Mapadre wote waliopita hapa nimewaona wakinywa divai. Sijamwona padre hata mmoja akitema."

"Ni kweli," akasema mjomba. Mjomba wangu mwenyewe! Mshenga wangu!

Mzee Tobias alikuwa anakunja kile kitambaa cha kufuma, pole pole, pembe kwa pembe.

"Deo. Nimekupa utoe sumu mbele ya watu wangu. Umetia mdomoni, umetema. Nielewe nini?"

"Uelewe ni nzuri, mzee."

"Nzuri ndiyo inayotemwa?"

"Ile nzuri sana ndiyo... inatemwa kwanza."

Jamani! Maneno yale nani aliniwekea mdomoni? Nilijisikia nikiyasema na nilikuwa siyaamini hata mimi. Mzee akasimama. Akaichukua chupa, akaanza kuifunika kitambaa chake. Akamwambia mjomba: "Mshenga, mchukue kijana wako mwende." Hakupaza sauti. Nikamwangalia Skola pale mlangoni, kile kicheko cha furaha kimeshafutika, mikono ameiweka kichwani.

Nikaingiwa na hofu ambayo sijawahi kuiona. Nikataka kumwonyesha mzee papo hapo kwamba naweza kumeza, kabla hajageuka. Jagi lilikuwa mbali, upande wa Bibi. Glasi ilikuwa tupu. Kilichokuwa karibu na mkono wangu ni bakuli.

Msiniulize. Nililinyanyua.

"Nameza, mzee! Ona, nameza!"

Nikanywa yote.

Ndiyo, wakuu. Nimekunywa nilichokitema. Ukweni. Nimesimama. Nimechomekea.

"Sasa anafanya nini?" akauliza Bibi.

"Anakunywa, mama."

"Si alitema?"

"Ndiyo hayo anayoyanywa."

Bibi akapiga ishara ya msalaba. Mjomba akavua kofia akajifunika uso nayo. Skola akakimbilia jikoni, na kutoka huko nikasikia sauti ambayo mpaka sasa sijui kama ilikuwa ya kulia au ya kucheka, na nimeogopa kumuuliza.

Mzee alinitazama kwa muda. Halafu akarudi kukaa. Akavuta jagi, akajimiminia mwenyewe glasi, akanywa funda moja kubwa la mtu anayeamini kitu chake. Nilikuwa namwangalia kooni. Ilipita. Akaiweka glasi chini taratibu sana, na macho yake yakaenda kwenye ile chupa.

"Imeharibika," akasema.

Hapo, jamani, kichekesho kiliisha. Sauti yenyewe ndiyo iliyoniumiza. Ilikuwa ndogo. Mzee yule aliilea chupa toka Skola yuko darasa la kwanza, akaibeba na kuirudisha kila mavuno, akiwa na hakika anaitendea wema. Nilitamani ardhi inimeze (na yenyewe nadhani ingenitema).

"Ulijua?" akaniuliza.

"Nilisikia harufu, mzee."

"Kabla ya harufu hukujua?"

Nikainamisha kichwa. "Nilijua uliposema unaianika."

"Ukanipa hongera."

"Niliogopa kukuaibisha, mzee. Mbele ya watu."

Akatikisa kichwa. "Anayetoa sumu kazi yake ni nini?"

"Kunywa kwanza."

"Kunywa hata kuku ukimpa atakunywa. Kazi yake ni kuwaambia waliokaa kama kuna sumu. Mimi nimekukabidhi watu wangu wote humu, mpaka mama yangu mzazi. Nikasema watakunywa baada yako. Wewe ukaijua ilivyo, ukatuambia nzuri."

Mjomba, aliyesema nikiulizwa atajibu yeye, alikuwa bado kajifunika uso na kofia. Nikasema tu: "Nisamehe, baba." Hilo neno baba lilinitoka lenyewe, na mzee hakulipokea wala hakulirudisha.

Aliyetuokoa ni Mama Skola. Alilichukua jagi, akalinusa, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa ya mtu aliye jikoni kwake: "Mbona hii ni siki tu? Na mimi siki ilikuwa imeniishia." Akaondoka nalo. Baada ya muda chakula kikaja: wali wa mpunga mpya, samaki, na kachumbari. Tukala. Mzee alijipakulia kachumbari, akala, akajipakulia tena. Nilimwona. Nafikiri alikuwa anaiaga chupa yake.

Samaki waliletwa ndani ya sufuria. Lile bakuli jeupe lilibaki katikati ya meza chakula chote, limeelekea kwangu. Hakuna aliyekubali kuligusa ili kuliondoa.

Wakati wa kuaga mzee akatusindikiza mpaka mlangoni. Mjomba akaanza kuomba radhi kwa maneno marefu, kataja mababu zetu waliokufa. Mzee akamnyamazisha kwa mkono.

"Nilisema nitajibu siku nitakayofungua chupa," akasema. "Nimefungua, na jibu nililokuwa nalo mmeona lilivyoharibika. Jumamosi ijayo mrudi. Mama yangu atapika pombe yake. Deo atatoa sumu upya, mbele ya watu walewale. Atameza. Halafu atawaambia watu kweli ilivyo, nzuri au mbaya, bila utaalamu. Akifanya hivyo, majina yataenda parokiani."

Pale kwenye mkeka Bibi akainua uso. Kwa mara ya kwanza siku nzima akatabasamu. "Nitaipika mwenyewe," akasema, "kwa mikono yangu."

Nikashukuru mpaka nikapiga magoti. Niliona nimepewa sharti jepesi sana. Kumeza pombe ya bibi kizee na kusema kweli, kuna ugumu gani? Mjomba naye njiani alianza kulegea, akanisemesha hata neno moja. (Neno lenyewe lilikuwa "Mjinga." Lakini alinisemesha.)

Tulipofika hapa kwangu ndipo ujumbe wa Skola ukaingia. Naunakili ulivyo:

"Deo nimekusamehe. Ila ujue pombe ya bibi haijawahi kunyweka. Marehemu babu alikuwa anaimwagia migomba usiku, na migomba ikafa. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia bibi. Yeye anajua hakuna anayempita Ifakara nzima. Tafadhali meza."

Nilimsomea mjomba. Ndipo alipotoka nje kibarazani na kukataa kurudi.

Basi ndiyo niko hapa. Nimekamua ndimu kwenye kikombe, najifunza kumeza bila kukunja uso, kisha naiangalia picha ya bibi mmoja kwenye kalenda ukutani na kujaribu kumwambia kweli kwa sauti ya upole. Kumeza nimeanza kuweza. Kusema bado, na yule wa kalenda hata rozari hana.

Naombeni msicheke, ndugu zangu. Na wale ambao kicheko kimeshawajaa mdomoni, fanyeni kile ambacho mimi kimenishinda leo: kimezeni.